Majibu Kutoka Ghalani

Kaka yangu uliye mbali,

Huku tunaendelea. Bati la jikoni nimeliziba mwenyewe, maana fundi alitaka kunikamua. Zile kompyuta tatu za kiwanda, kila moja ya aina yake, bado zinaelewana kwa kanuni tulizoziandika pamoja: ya ofisini kwangu inaita kila nusu dakika, nyingine zinajibu, "Nipo."

Mimi nilitaka kule ghalani, Baba alikokaa peke yake na kompyuta ya tatu, abonyeze kitufe kila saa, ili jibu litoke kwa mtu. Ukanicheka. "Acha ushamba, mdogo wangu! Mashine haichoki."

Baba alikata roho kitini mwake Ijumaa asubuhi. Mpaka Jumapili asubuhi kompyuta yake ilijibu mara elfu tano mia saba na sitini, bila kukosa hata moja. Nami nikawa najisemea, mzee yuko kazini.

Msibani nilikutupia lawama ya kukikataa kitufe, mbele ya shangazi zetu. Ukaenda zako.

Kaka, kuna jambo hukulijua. Uliposafiri, kile kitufe nilikiweka kimyakimya. Baba alikibonyeza miezi miwili, kisha akanibembeleza: "Mwanangu, vidole vinaniuma, niondolee balaa hili." Nikamwondolea.

Kompyuta yake sijathubutu kuizima. Inanijibu hata sasa ninapoandika, na kila ikijibu nainuka nusu kitini kama mtoto aliyeitwa.

Usinijibu kwa kunipoza. Wapigie shangazi zetu simu, uwasomee barua hii yote, usiruke mstari.

Mdogo wako wa kike