Mkeka wa Nyuma ya Darasa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi hapa Takaungu hatujambo. Babu yako goti linamsumbua, lakini ulimi wake mzima.

Umeniuliza ufanyeje na wasichana wanaokuja darasani na wadogo zao mgongoni. Mwaka ule darasa la nane lilipoanzishwa nchini, nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya mashamba, nyuma ya Malindi. Walimu tulikuwa wachache kuliko madarasa. Wasichana wangu nao walikuja hivyo hivyo, kwa kuwa mama zao walikuwa wakilima. Siku moja vilio vilinishinda, nikasema, "Kesho sitaki kuona mtoto mchanga hapa."

Kesho yake sikumwona mtoto mchanga, wala msichana hata mmoja.

Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alisema tu, "Ijumaa afisa wa elimu anakuja kuhesabu wanafunzi. Akiwakuta wachache hivi, atatupunguzia mwalimu, na mgeni ni wewe."

Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba radhi, kisha nikatandika mkeka nyuma ya darasa. Ijumaa afisa akauliza, "Na hawa waliolala hapa ni wa darasa la ngapi?"

Mwalimu mkuu akamjibu, "Hawa, bwana, ndio wanaoniletea wasichana."

Afisa akacheka, nami nikabaki miaka mingi.

Basi nimekushonea mkeka, mjomba wako atakuletea. Nimeuongeza upana, maana hukunambia wako wangapi.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura