Vifaranga Wamehamia Chumbani Kwetu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa sababu nyumbani kwangu sina tena pa kulala. Mimi na mke wangu tunalea vifaranga na kuwauza wakishaota manyoya, biashara tuliianza pamoja uani, na kilichokuwa kikitumaliza ni umeme, zile balbu kubwa za njano ziliwaka mchana na usiku na faida yote ikaishia humo, kwa hiyo nikafanya utafiti wangu, nikaweka paneli za sola juu ya paa la banda, betri, na taa nyeupe zisizokula umeme, mke wangu akaweka kiganja chini ya taa mpya akasema mbona hii haina joto, nikamwambia hiyo ndiyo teknolojia yenyewe, joto ni upotevu. Majirani walikuja kuona, wakaanza kuniita Injinia, nami sikukataa.

Kesho yake asubuhi tukakuta vifaranga wamerundikana pembeni, wamelaliana, wa chini wamekufa. Mke wangu hakugomba. Aliokota waliokufa akawatia kwenye ndoo, waliobaki akawapakia kwenye maboksi akawaingiza chumbani kwetu, akawasha jiko la mkaa, akamwaga maranda pale ninapoweka viatu. Nilipouliza mimi nitalala wapi akasema, "Kalale bandani, kuna taa."

Mshauri, nalala huko mpaka leo, mwanga ni mzuri, unaweza hata kusoma gazeti, ila baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Mama mkwe alikuja kutusalimu, akauliza afya ya vifaranga, yangu hakuuliza. Sasa nataka nimwite mke wangu kikao nimweleze kwa takwimu kwamba sola ni uwekezaji wa muda mrefu. Nianzie wapi ili anielewe?

Mume Aliyehamishiwa Bandani

MSHAURI ANAJIBU

Injinia, pole kwa hasara, na mkeo mfikishie pole yangu kubwa zaidi.

Kwanza, weka gazeti hili chini ukatoe lile jiko chumbani. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu usingizini, na haina harufu ya kukuamsha. Nenda, kisha urudi usome yaliyobaki.

Umerudi? Haya. Unaniandikia kwamba bandani baridi inakupenya mifupa, na bado hujajua vifaranga walikufa kwa nini? Balbu ile ya njano ilikuwa jiko lenye mwanga. Wewe uliondoa jiko, ukabakiza mwanga. Sola yako haina kosa na usiing'oe. Taa zako zihamishie kwa waliokwisha kuota manyoya, stoo, na pale mnapouzia. Vifaranga wachanga watafutie joto la peke yake, jiko lililozungushiwa wavu, bandani, na matundu ya hewa juu. Betri usizitwishe kazi hiyo, hazitaiweza.

Kikao cha takwimu kiahirishe, na ukishakiahirisha, kifute. Mkeo aliponyoosha kiganja alikuuliza kama mwenzako wa biashara, nawe ukamjibu kama mwanafunzi wako. Leo muulize yeye jiko likae wapi, na likae hapo atakaposema. Halafu mwambie, "Nilikosea." Najua ulimi utakuwasha kuongeza neno moja kuhusu paneli. Usiongeze. Nyanyua boksi, umsaidie kubeba.