Pikapu Isiyonguruma na Kiti cha Rose

Mzee wangu Barasa, mulembe.

Ni mimi, Nekesa. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, daftari nimeliegemeza kwenye usukani, na kabla sijasema lolote lingine nataka usikie hili: tuna pikapu! Nimesema "tuna" kwa sababu kusema "nina" kunanishinda. Kila nikiianza hiyo sentensi naona kama nimekuruka.

Umetuacha mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Karakana bado iko pale pale Congo, Kawangware, kwenye ploti ya Mama Wangari, na randa zako zimetundikwa pale pale ulipozitundika. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilifika msimu uleule shule moja ya Kianda, Kibera, ilipoagiza madawati, nikajinyima mpaka viatu, nikanunua gari. Ilitembea kidogo huko ng'ambo kabla ya kufika bandarini Mombasa, lakini kwangu mimi ni mpya kama mtoto wa jana. Ya kijivu. Ndogo, milango minne, na nyuma ina sanduku fupi la kubebea mizigo. Wanaiita haibridi. Maana yake ina injini ya petroli na pia mota ya umeme, na ukikanyaga breki inajichaji yenyewe. Najua ungeuliza, "Inajichaji vipi na haijachomekwa popote?" Nilimuuliza aliyeniuzia swali hilo hilo, akanieleza dakika kumi, nikaitikia kwa kichwa, sikuelewa kitu. Lakini inafanya, Mzee. Naiona ikifanya.

Wacha nikuambie siku ya kwanza. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha, nikasubiri. Kimya. Nikabonyeza tena, taa zikazima. Nikabonyeza mara ya tatu, taa zikawaka, kimya bado. Machozi yakanilenga, nikajua nimeuziwa mkebe. Ndipo nikaona neno la kijani kwenye dashibodi linaloniambia gari liko tayari. Nikaachia breki, likasogea. Lilikuwa limewaka muda wote huo! Halikunguruma, halikutetemeka, lilitoka tu kama paka anayetoka jikoni.

Shida ni kwamba watu hawalisikii. Pale Congo watu hutembea katikati ya barabara wakitegemea masikio. Nilimfuata mama mmoja wa mboga kutoka kwa kinyozi mpaka kwa posho mill ya kusaga unga, yuko mbele yangu na beseni lake kichwani, hana habari. Nikaogopa kupiga honi nisimwangushe. Mwishowe nikafungua dirisha nikasema, "Mama, samahani." Aligeuka, akaona gari zima nyuma ya mgongo wake, akapiga yowe. Halafu akacheka mpaka akaketi. "Hii ni gari ama ni mwizi?" akaniuliza. Sasa jina limeshika. Hata vijana wa boda wakiniona wanaita, "Niaje, Mama Mwizi!"

Na jam ya Naivasha Road! Magari yamesimama, mimi nimesimama, na ghafla injini ikazima. Wakati huo sikujua kwamba huzima yenyewe ili isile mafuta bure. Nikashuka mbio, nikafungua boneti, nikawa natazama ndani kama mtu anayejua anachotazama. Kijana wa boda akasimama. "Madam, imekufa?" Nikasema imekufa. Akachungulia dashibodi kupitia dirishani, akasema, "Zii, haijakufa, iko tu fiti. Wewe ndio umekufa roho." Nilirudi ndani, nikakanyaga mafuta, ikaenda. Nilicheka peke yangu mpaka nikafika Ngong Road. Halafu nikatazama kiti cha abiria, hakuna mtu wa kucheka naye, na kicheko kikaisha chenyewe.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Ulinifundisha kumwambia mteja ubaya wa mbao kabla ya uzuri wake. Sanduku la nyuma ni fupi. Ubao wa kichwa wa kitanda cha sita kwa sita unachomoza nje, lazima nifunge kitambaa chekundu. Chini iko karibu na ardhi, na lile tuta la pale kwa kanisa limekwisha kuikwaruza mara mbili, kila mara nahisi kama nimekwaruzwa mimi. Na mafundi wa magari wanaizunguka kama maiti wasiyoijua. Mmoja aliniambia, "Siku hiyo betri itaamua kulala, utaijua rangi ya Mungu." Sawa. Siku hiyo ikifika nitalia. Lakini mafuta niliyoweka wiki iliyopita Jumatatu bado yako, na kila siku nimekwenda kazini na kurudi nyumbani Kibera.

Sasa nikupe kile kilichonifanya nichukue kalamu. Nyuma, pale kwenye sanduku la mizigo, kuna soketi mbili. Soketi za stima, Mzee! Kama za ukutani. Unachomeka drili, unachomeka msumeno, unafanya kazi. Mara ya kwanza nilichomeka msumeno mdogo, nikakata kipande cha mbao hapo hapo barabarani, nje ya karakana, na huku Congo nzima stima imepotea. Vumbi la mbao likaruka, Mama Wangari akatoka nje ameshika kiuno. "Nekesa, umeiba stima wapi?" Nikamwambia, "Inatoka kwa gari." Akaenda akarudi na simu tatu za kuchaji.

Usiku huo sikuwaza gari. Niliwaza Rose.

Unajua kwa nini. Ulipolazwa na kile kifua, jambo la mwisho la kazi ulilolitaja lilikuwa kiti cha Rose. Yule fundi wa nguo wa Raila Village, Kibera, aliyeanguka kwenye ngazi miguu ikapooza, alikuamini wewe na mimi tumrudishe kwenye cherehani yake. Kiti cha kwanza tulikisukuma kwa mkokoteni kutoka Kawangware, tukafika, mikono ya kiti ikawa juu mno, hawezi kuingia chini ya meza. Cha pili kilinyeshewa njiani, mbao zikavimba, kikakataa kupita mlangoni. Nakumbuka ulivyosimama pale mlangoni kwake umevua kofia. "Mama, nisamehe. Mara ya tatu itakubali." Tulipofika Kawangware ukasema, "Kosa letu ni moja. Tunapima huku, tunakata kule. Mtu si mlango."

Mara ya tatu haikufika. Uliondoka.

Na mimi, Mzee, nikukirie sasa. Nilimkwepa Rose. Mwaka mzima. Naishi Kianda, na nilipokuwa na kazi upande wa Raila nilizunguka njia ya mbali ili nisipite mlangoni kwake. Nilijiambia nasubiri mbao nzuri. Uongo. Niliogopa kushindwa nikiwa peke yangu. Ulipokuwepo, tulishindwa pamoja, na aibu yako ilikuwa kubwa kuliko yangu, nikajificha ndani yake.

Jumamosi asubuhi nilipakia mbao za mvule ulizoziweka pembeni. Viungo vya kiti vilikuwa tayari, lakini miguu na mikono yake nikaiacha mirefu, sijaikata. Nikapakia meza, drili, msumeno, vibanio na ekstensheni ndefu. Pikapu kubwa ya kukodi huishia barabarani, kutoka hapo unabeba kwa kichwa. Hii ndogo niliikunja vioo vya pembeni, nikaingia nayo kichochoroni. Mzee mmoja alitembea mbele yangu akiondoa ndoo za watu. "Kuja, kuja, kuja... simama! Pumua kidogo. Kuja." Nilifika hatua kama ishirini kutoka mlangoni kwa Rose. Nikazima... nilitaka kusema nikazima injini, kumbe ilikuwa imezima zamani.

Alikuwa amekaa sakafuni juu ya godoro, anashona vifungo kwa mkono. Aliweka sindano chini, akanitazama.

"Nekesa. Nilidhani mlinisahau."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Mzee alifariki."

"Nilisikia. Nilingoja wewe ndio uje kuniambia."

Nikalia, Mzee. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nililia vizuri, nimepiga magoti kwenye sakafu ya watu. Rose akaniacha nilie. Kisha akasema, "Sasa, ulikuja kulia ama ulikuja na kiti?"

Tulianza. Nilivuta waya kutoka kwenye gari mpaka ndani ya mlango. Dada yake, Lilian, alimnyanyua Rose akamweka kwenye kiti, nikaweka alama kwa penseli, akamshusha, nikakata, akamweka tena. Magoti, mgongo, kiwiko. Nilimwambia anyooshe mkono kama anayesukuma kitambaa chini ya sindano, nikaipima meza kwa mkono wake na si kwa futi. Drili ikilia, watoto wamejaa mlangoni, majirani wanauliza kama hiyo gari inaweza kuchaji na redio.

Halafu nikakosea. Mguu wa nyuma wa kulia nilikata chini ya alama. Ni haraka yangu. Kiti kikayumba. Rose alishika ukingo wa meza, na macho yake nikayaona yakirudi kule kule, kwenye kiti cha kwanza, kwenye kiti cha pili. Zamani hapo ndipo tungesema, "Tutarudi wiki ijayo."

Lilian akamshusha Rose, nikatoka nje mpaka kwenye gari. Nikasimama na kile kiti mkononi, nikakuuliza kwa sauti, "Sasa nifanye nini?" Hukujibu, na ni sawa, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yangu. Mbao ziko. Msumeno uko. Stima iko. Nikang'oa ule mguu, nikakata mwingine hapo hapo juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, umefunguka kama meza ya kazi. Nikapiga msasa, nikarudi ndani. Hata chai aliyoibandika Lilian haikuwa imechemka.

Kikatulia. Nikakisukuma, hakiyumbi. Lilian akamweka Rose, nikafunga mkanda kiunoni, nikavuta meza na cherehani ya mkono mbele yake. Hakushona mara moja. Alinyoosha shingo, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mgeni.

"Lilian!" akaita. "Kumbe juu ya kabati kuna vumbi hivi?"

Lilian akaanza kujitetea. Rose akacheka. "Miaka miwili naona miguu ya kabati tu. Leo naona juu." Akaweka kitambaa cha bluu, cha sare ya shule, akazungusha gurudumu. Mstari wake wa kwanza ulipinda. Wa pili ukanyooka kama uzi wa timazi. Akakata kile kipande akanipa. Hakusema asante, alisema, "Rudi Alhamisi na kitambaa nikushonee aproni, hiyo yako ni aibu."

Nilirudi Kawangware nimefungua madirisha yote, nikiimba kwa sauti, na kwa kuwa gari halina kelele, kila mtu alisikia nilivyo mwimbaji mbaya.

Mzee wangu, nilikuwa nikidhani nimelipata gari kwa ajili ya kubeba samani. Sasa najua nitapakia karakana yenyewe. Tayari kuna baba mmoja wa Kianda ambaye hawezi kuinuka kitandani, mke wake amenipigia. Nimemwambia naja kumwona kwanza, mbao baadaye.

Mkeo, Mama Sella, hajambo. Amekonda kidogo, lakini anakula. Nilimpeleka kanisani Jumapili, akakaa kiti cha mbele cha gari ameshika mkoba kwa mikono miwili, na tulipofika akakataa kushuka mpaka waumini wote wamuone. Aliniambia kitu kimoja tu: "Angekusumbua sana huyu mwanaume. Angetaka kukaa hapa kila siku."

Desemba nampeleka nyumbani Bungoma, mimi mwenyewe nikiendesha. Nitabeba mbao na vifaa vyote nyuma. Alisema anapokuja kaburini kwako anachoka kusimama na ardhi ni mbali sana kwa magoti yake. Basi nakuahidi: nitamtengenezea benchi papo hapo kando yako, na miguu ya benchi nitaipima yeye akiwa amekaa, mpaka aniambie, "Hapo, Nekesa, hapo sasa."

Lala salama, Mzee wangu. Utanisikia nikifika. Kama sio gari, basi msumeno.

Mwanafunzi wako,
Nekesa