Neno Lililomfungia Dorkasi Meza

Kijiji cha Kwemkuyu,
S.L.P. 41,
Lushoto.
17 Aprili, 1974.

Mpendwa mdogo wangu Nathanaeli,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyefufuka. Shikamoo ya barua yako niliipokea, marahaba. U hali gani huko Mwanza? Kikohozi cha vumbi la pamba kimekuacha? Na wifi yangu Jenoveva, amejifungua salama? Hapa tu wazima wa mwili. Masika ni makali, viazi vinaoza ardhini, lakini njaa hatuna.

Wa mwili, nimesema. Wa moyo ni habari nyingine. Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Unakumbuka mwaka jana kilima kilivyomeguka kikachukua jiko la dada yetu Dorkasi, naye yuko hatua tatu tu nje. Tangu siku ile, mvua ikigonga bati, moyo unamwenda mbio, anakimbilia mlangoni akisema hana pumzi. Hospitalini alipewa vidonge vya kumtuliza. Vilimtuliza kweli: akawa analala mchana kutwa, ulimi mkavu, hata mwanawe akimwita haitiki. Siku moja aliniambia, "Dada, hofu imeondoka, na mimi nimeondoka nayo."

Nikampeleka kwa Salimu wa zahanati, nikamweleza wazi ninalotaka kufanya. Hakunicheka. Alisema vidonge tuvipunguze kidogo kidogo, tusivikate ghafla, na yeye atamwangalia kila wiki. Basi nikaanza. Asubuhi mchaichai na asali, jioni maji moto ya kivumbasi ya kuoshea miguu. Na mawingu yakijikusanya upande wa Irente, naacha jembe hata ikiwa siku ya shamba la kijiji, nakwenda kwake na ungo wa maharage. Tunachambua, mbovu huku, nzima huku, tukiimba. Ni majani, ni maharage, au ni maombi? Mimi sijui. Ninalojua ni kwamba mwezi wa pili alikaa mvua nzima bila kuinuka kwenye kigoda, na mwezi wa tatu Salimu akamwondolea kidonge cha mwisho.

Sasa sikiliza. Tuna mwinjilisti mpya, katoka mbali, Kishambaa hajui hata salamu. Kabla ya Pasaka alipita nyumba kwa nyumba. Akamkuta Dorkasi mchangamfu, akamwuliza kapona kwa kitu gani. Naye kwa furaha yake akajibu kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya, "Dada Yudith kanipa ughanga."

Ndugu yangu, sisi tumenyonya lugha hiyo. Kwa Kishambaa ughanga ni dawa, na mughanga ni anayetibu. Hata aspirini ni ughanga! Lakini yeye akasikia uganga, akaona hirizi, akaona kuku mweusi. Swali la pili hakuuliza.

Siku ya Pasaka tulipiga magoti mbele ya madhabahu, Dorkasi ubavuni kwangu. Mchungaji aliyekuja kutugawia Meza ya Bwana alikuwa ameshanong'onezwa na mwinjilisti. Akampita. Akanipita na mimi. Dorkasi alikuwa amefumba macho, hakujua, akabaki anasubiri mpaka wenzake wakainuka. Mvua ya jioni ile ilimkuta mlangoni tena, anatweta.

Kesho yake nikamwendea mwinjilisti. Akasema, "Mama Elikana, uganga ni uganga tu." Nikamwuliza, "Kule hospitalini mlangoni pameandikwa Mganga Mkuu. Naye mmemfungia Meza?" Akaniambia nisimletee ubishi wa kisomo cha watu wazima. Mimi! Niliyemaliza darasa la nne yeye hajaota meno! Salimu aliposikia, Mwislamu wa watu, alishika kichwa: "Kama mchaichai ni uganga, mama, basi waufungie mlima mzima, maana sote tunaunywa na mihogo."

Wanataka Jumapili hii tusimame mbele ya usharika tutubu kwamba tulifanya uganga, ndipo turudishwe. Dorkasi ananisihi, "Tuseme tu, dada, yaishe." Ana njaa ya ile Meza, namwelewa. Lakini aseme uongo nyumbani mwa Mungu ili apewe mkate wa Mungu? Sitakubali.

Baba yetu Fanueli alifunga vidonda vya watu katika zahanati ya misheni miaka ishirini. Alipofariki, ni mchungaji wa zamani aliyetaja maneno ya kuandika msalabani, na wewe ndiye uliyeshika patasi: FANUELI, MUGHANGA. Msalaba ule uko hatua ishirini kutoka mlango wa kanisa, na mwinjilisti huupita kila Jumapili. Jumapili hii nitamshika mkono nimfikishe. Nitamwomba asome kwa sauti, kisha nimwulize: na huyu tumfukue?

Ninaloomba kwako ni moja. Usinijibu mimi, mwandikie Dorkasi. Mwambie ni nani aliyekutajia neno lile na wewe ukalichonga. Mvua ikija, awe na kitu cha kushika.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Rubeni vilevile. Mbusu mtoto kama amefika. Mungu aliyetushika siku ile kilima kikimeguka awashike na ninyi huko ziwani.

Wako akupendaye, dada yako aliyenyimwa Meza lakini hajanyimwa Bwana,

Yudith