Nilivyofagia Ramani ya Kabuchai

Dada Njeri wa moyo wangu,

Ndoa ni tamu, dada! Wafula wangu ananichekesha hata nikisonga ugali. Lakini leo nimeaibika. Jana wanakijiji walichora ramani ya kijiji chetu hiki cha Kabuchai kwa jivu hapa uani kwetu, wapange pa kupanda miti ya kulinda chemchemi, wakaiacha waimalizie leo. Mimi nilikuwa jikoni, sikujua. Alfajiri nikashika ufagio, ili mama mkwe aone amepata mtu.

“Wifi, umefagia kijiji kizima!” dada yake Wafula akapiga kelele.

Watu waliporudi, Mzee Barasa, aliyekubali jana kuondoa miwa yake karibu na chemchemi, akasema hakumbuki kitu. Machozi yalinilenga. Mama mkwe akamrukia: “Ati hukumbuki? Ufagio umefuta jivu, haukufuta maneno yako!”

Wakacheka, mzee akauchora mpaka wake upya. Mimi niliwashikia debe la jivu, na hata Wafula sikuthubutu kumtazama.

Tafadhali usimwambie Mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kuamkia ufagio. Nakukumbatia mpaka huko Kitale.

Wako, Wambui