Espreso ya Kujaza Kikombe

Shoga, nina hasira mpaka basi!

Mteja kaja hapa mgahawani, kaagiza espreso. Nimemtolea ile yenyewe, kahawa kidogo tu chini ya kikombe, nzito, povu rangi ya asali. Kachungulia kikombe, kaniuliza, "Nusu umekunywa wewe?"

Umekunywa wewe! Mbele ya foleni nzima!

Nikamwambia akitaka nyingi nitamwongezea maji ya moto, iwe amerikano. Hataki. Eti niiache mashine ichuruzike mpaka kikombe kijae. Yakatoka maji machungu kama dawa. Kanywa, kasema, "Sasa hii ndiyo espreso."

Bosi akatokea, nikajua atanitetea. Wapi! Kanilazimisha nimwombe radhi. Nikaomba, huku nauma meno.

Halafu bosi akamshika bega, akatutangazia sisi wahudumu: "Huyu ndiye mwalimu wenu. Kesho anaanza kuwafundisha kahawa."