Maji Tuliyowabebea Wakaguzi

Mpendwa Mama Wakesho,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Sikuwa na habari ya kukufurahisha, na hata leo sinayo.

Unamkumbuka yule afisa wa tarafa aliyepanda mlima wetu wa Sagalla tukiwa vijana? Wewe ulimpa kikombe kitupu. "Bwana Mkubwa, majani ya chai yapo, maji ndiyo hayapo." Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka, lakini kabla ya msimu kwisha bomba lilifika shuleni.

Majuzi maafisa wa kaunti walikuja kukagua zahanati yetu. Bomba lake limekauka tangu mwaka jana, na muuguzi ameacha kuzalisha kwa kukosa maji. Niliwaambia wanakijiji wawaache wageni waone hali ilivyo. Dada yako Mghoi akanikaripia. "Shemeji, wageni wanawe kwa mate? Usituaibishe!" Basi wanawake wakateka maji bondeni, wakapanda nayo kichwani, wakajaza tangi la zahanati pomoni.

Afisa alifungua mfereji, maji yakatoka. Akanawa, akajipangusa kwa leso ya Mghoi. "Hapa mko sawa kabisa, wazee wangu." Nilisimama nikaeleza maji yale yalikotoka. Akatazama saa yake. "Mzee, nimeyaona kwa macho yangu." Watu wakacheka, nami nikaketi.

Zahanati yetu imeondolewa katika mpango wa kutengenezewa bomba. Nikienda ofisini Voi, kijana wa mapokezi huniwahi kabla sijamsalimu: "Babu, umerudi tena? Mfumo unaonyesha mna maji." Mfumo huo haujawahi kupanda Sagalla.

Mjukuu wetu, uliyemwachia jina lako, atajifungua mwezi ujao. Uchungu ukimshika, atateremshwa mlima huu kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama yake. Simlaumu Mghoi, alimpokea mgeni kama tulivyolelewa. Ninailaumu serikali inayokuja kutuuliza hali zetu, kisha ikaamini mfereji kuliko watu.

Nimeomba wakaguzi warudi bila kutangaza. Mkuu wa ofisi anasema kikao kitakaa kuamua. Uamuzi ukitoka, nitakuandikia, uwe mzuri au mbaya.

Mghoi anauliza watakuja siku gani, apate kujiandaa.

Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Baba Wakesho